Binti yangu ana nyota 340 za Kiebrania, lakini herufi hazijui

Shikamoo Mwalimu,

Naishi Sakina, hapa Arusha, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kuongoza watalii, huu ni mwaka wa 13. Kampuni ninayofanyia kazi hupokea wageni wengi kutoka Israeli, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda maneno, nikaanza kuokota moja moja humo garini. Twiga anaitwaje, simba anaitwaje, simama hapa, twende polepole. Wageni walifurahi, wakawa wananiandikia maneno kwenye kijitabu changu. Leo naweza kuzungumza nao kutoka Makuyuni hadi lango la Naabi bila kuchanganya Kiingereza. Kusoma bado nasoma kwa kudonoa, lakini nasoma.

Nikasema wanangu wasisubiri kuwa watu wazima kama mimi. Wa kwanza ni binti, ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Mdogo wake wa kiume ana miaka 4. Nikanunua kishikwambi kilichotumika, nikapakua programu ya kufundisha watoto Kiebrania, zile za kugusa picha na kusikia sauti, na nalipia kila mwezi. Kuna nyani anayerukaruka, kuna maputo yanayopasuka ukipata jibu, na kila ukimaliza ukurasa unapewa nyota. Binti aliipenda tangu siku ya kwanza. Ndani ya miezi mitatu akawa na nyota 340. Nikiwa porini mama yake ananitumia picha, nami nawaonyesha wageni.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka safari ya siku nane. Jioni tumekaa barazani, nikachukua kipande cha mkaa nikaandika herufi tatu kwenye sakafu: alef, bet, mem. Nikamwambia, haya mama, nisomee. Akaziangalia. Kisha akainama, akaigusa ya kwanza kwa kidole, akasubiri. Akagusa ya pili. Akagusa ya tatu. Akainua uso akaniambia, "Baba, hizi hazilii."

Kesho yake nilikaa nyuma yake akicheza. Maelekezo yote ya programu ni ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ndio kwanza anakianza shuleni. Kwa hiyo anagusa chochote kilicho mbele yake mpaka kengele ilie. Akikosea mara mbili, herufi iliyo sahihi inatikisika, naye anaigusa hiyo. Nyota inakuja.

Juu ya hilo, mwalimu wake wa darasa amemwita mama yake. Anasema mtoto anageuza 2 na S, na siku moja ameandika jina lake lote kuanzia kulia. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na anaongea na watoto Kimeru, akasema tunamchanganya mjukuu wake, Kimeru na Kiswahili na Kiingereza vinamtosha. Mke wangu amekitoa kishikwambi akakiweka juu ya kabati. Nami nilipotaka kufundisha mwenyewe kwa kile kijitabu changu, nikagundua kwamba herufi walizoniandikia wageni hazifanani na za programu. Hata alef ni nyingine kabisa.

Mwalimu, niache? Nitafute programu nyingine? Au ni kweli namharibu mtoto? Na msimu ukishachanganya, kuanzia Juni, nyumbani nakuwepo siku 8 au 10 tu kwa mwezi.

Baba wa Wawili, Sakina


Marahaba, baba. Usiache, wala humharibu mtoto. Hayo nayasema mapema ili mama yake na bibi yake, kama wanasoma pamoja nawe, wapumue kwanza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama hapo barazani. "Hizi hazilii." Nimefundisha darasa la kwanza Moshi kwa miaka 31, na mtoto huyo ninamjua. Nimekutana naye kila Januari. Anakuja ameshika kitabu, anakusomea ukurasa mzima bila kukosea, "huyu ni Juma, huyu ni Asha", halafu unagundua kitabu amekishika kichwa chini. Amekariri sauti ya dada yake akisoma. Binti yako hajazembea. Amejifunza sawasawa kile alichofundishwa: kwamba herufi ni kitu cha kugusa, na kazi ya kutoa sauti ni ya herufi. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo ni ya kwake.

Hapo ndipo programu nyingi za watoto zinapoharibikia. Sauti inakuja upesi mno. Mtoto akigusa tu, mashine imeshasema, na ile nafasi ndogo ya kujiuliza "hii ni nini?" imezibwa kabla haijafunguka. Ukiongeza na herufi inayotikisika, mtoto hana haja ya kujua lolote. Nyota 340 ni hesabu ya migusano. Mtoto wala usimwambie hivyo. Amezichuma kwa bidii yake.

Lakini kuna jambo la pili katika barua yako, umelipita haraka, nami naliona kubwa zaidi. Binti anafundishwa Kiebrania kwa Kiingereza. Anavuka mto asioujua ili afike kwenye mto mwingine, wakati kwao kuna daraja. Mtoto wa Kiswahili anapoanza Kiebrania tayari ana mali mkononi ambayo mtoto wa London hana, na programu yako inamwomba aiweke chini kwanza.

Nikuonyeshe mali hiyo. Kiebrania kinachosemwa Israeli leo kina irabu tano: a, e, i, o, u. Ni hizihizi zetu, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Herufi ni 22, na zote kwa asili ni konsonanti. Irabu zinaonyeshwa kwa vinukta na vistari vinavyowekwa chini, juu au ndani ya herufi, vinaitwa nikudi. Mfumo tunaouona leo ulikamilishwa na wataalamu wa Tiberia, kando ya Ziwa Galilaya, takriban kati ya karne ya 8 na ya 10, kwa sababu walitaka Maandiko yaendelee kusomwa jinsi wazee wao walivyoyasoma. Sasa fikiria binti yako anafanya nini darasani kwake wiki hii. Ba be bi bo bu. Ma me mi mo mu. Hiyo ndiyo nikudi. Chukua מ, weka kistari chini yake, ni "ma". Weka nukta moja chini, ni "mi". Nukta tatu chini, ni "me". Nukta juu, ni "mo". Mtoto wa Kiingereza inabidi aelezwe kwamba "i" haibadiliki kila neno. Wako hana hata la kuuliza.

Jirani zako wanaopeleka watoto madrasa wanaijua njia hii vizuri kuliko watengenezaji wa hizo programu. Tunaposema mtu aanze "alifu kwa ujiti", tunataja somo la kwanza la chuoni: herufi na ujiti wake, zinasomwa pamoja, kwa sauti, mara nyingi, mbele ya mwalimu anayesikiliza. Alifu ya kwao na alef ya kwenu ni ndugu. Hata ule ujiti upo, unasomwa "a" vilevile, ila kwa Kiebrania umewekwa chini ya herufi badala ya juu. Wala watoto wale hawajasahau kuandika Kiswahili kwa sababu wanasoma kutoka kulia kila jioni.

Na maneno je? Kiswahili kimechukua maneno mengi ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa ukoo mmoja. Kwa hiyo bintiyo ana shangazi humo ndani asiowajua. Damu kwao ni "dam". Roho ni "ruakh". Nafsi ni "nefesh". Dhahabu ni "zahav". Saumu, ile ya kufunga, ni "tsom". Hesabu naye: sita ni "shesh", saba ni "sheva", tisa ni "tesha", arobaini ni "arbaim", mia ni "mea", elfu ni "elef". Alhamisi ni "yom khamishi", siku ya tano, maana ileile iliyofichwa ndani ya neno letu. Na lile ninalolipenda kuliko yote: binadamu ni "ben adam". Nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa marehemu mume wangu, aliyekuwa mchungaji na alisoma Kiebrania pale Makumira. Alikuwa anafua shati, akaacha, akaja jikoni na povu mikononi kuniambia. Mtoto wa miaka 6 akigundua kwamba neno la mbali lilikuwa limekaa mdomoni mwake siku zote, hutamtafuta tena umfundishe. Atakutafuta yeye.

Sauti nazo zinamsaidia. "Sh" anayo. "Kh" anaisikia kwa wanaosema "kheri". "R" ya Waisraeli wengi inatoka nyuma kooni, jirani na "gh" ya "ghali", lakini akiipiga kwa ulimi kama sisi ataeleweka kabisa, usimsumbue. Ngeni ni "ts" peke yake, na wewe mtu wa Tarangire unajua pa kuipata: mwambie aseme "tsetse".

Sasa programu. Ile unayolipia, simamisha malipo mpaka nitakapokwambia. Kuna moja ya bure inaitwa ScratchJr, ilitoka mwaka 2014, imetengenezwa Marekani na watu wa Chuo Kikuu cha Tufts pamoja na MIT kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 7. Kiebrania haifundishi hata kidogo. Ni ya kumwezesha mtoto kutengeneza michezo yake mwenyewe kwa kupanga vitofali vyenye picha, na kwa kuwa vitofali havina maandishi, hahitaji Kiingereza. Ukishaipakua inafanya kazi bila bando.

Fanyeni hivi, wewe na binti mkiwa mmekaa pamoja. Fungueni mradi mpya, mwondoeni yule paka anayekuja nao. Ingieni mahali pa kuchora, binti achore מ kubwa kwa kidole chake, na kistari chini yake. Kisha bonyezeni alama ya maikrofoni, wewe useme "ma" kwa sauti yako ya kawaida, ile unayomwitia chakula. Sasa pangeni vitofali vitatu. Cha kwanza ni cha njano, chenye picha ya kidole, maana yake "nikiguswa anza". Cha mwisho ni cha kijani, ndicho sauti yako. Katikati yake, na hapa ndipo penye dawa ya barua yako yote, weka kitofali cha rangi ya machungwa cha kusubiri, uandike 30. Hesabu yake ni ya sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo hizo ni sekunde 3. Akigusa herufi, kimya. Sekunde tatu. Halafu baba anasema "ma".

Katika kimya hicho ndimo atakamosoma. Mwambie sheria ya mchezo ni kuiwahi sauti ya baba. Mara za kwanza atakuwa anasubiri. Baada ya siku tatu nne utamsikia anasema "ma!" kabla yako na anacheka. Siku anapoiwahi kila mara, kiondoe kile kitofali cha sauti kabisa. Herufi sasa hailii, naye hana shida nayo.

Kila mradi unachukua kurasa nne, zinatosha kwa herufi nne. Usiende mbio. Anza na א, ב na מ, zile ulizoandika kwa mkaa, maana kwa hizo tatu na irabu mbili tu mtoto anasoma "aba" na "ima", baba na mama, wiki ya kwanza. Zinazofuata zichague kwa macho. ב na כ zinafanana, ד na ר zinafanana, ה na ח zinafanana. Usiweke pacha wawili katika wiki moja. Zile herufi 5 zinazobadilika umbo zikiwa mwisho wa neno ziache mpaka atakapokutana nazo kwenye "mayim", maji, au "shalom". Hapo zitakuwa na sababu ya kuwepo.

Na kila kinachofundishwa kwenye kioo kitoke nje ya kioo siku hiyohiyo. Okoteni visoda 22, mviweke safi, uandike herufi moja moja ndani ya kila kimoja kwa maka peni. Dakika 10 za kishikwambi, kisha dakika 10 za visoda chini kwenye mkeka: vuta kile kinachosema "ba", vipange vinavyofanya "ima". Akikijua kwenye kioo na kwenye kisoda asikijue, bado hajakijua, mrudie kesho bila kumgombeza. Wayahudi wa Ujerumani na Ufaransa katika karne za kati walikuwa wakimpeleka mtoto kwa mwalimu siku ya kwanza, herufi zinapakwa asali, naye analamba. Jumamosi moja mimina asali kidogo kwenye sahani, anawe mikono, achore mem kwa kidole, kisha alambe. Asali inaitwa "dvash". Neno hilo hatalisahau.

Tuje kwa mwalimu wa darasa. Kugeuza 2 na S katika umri wa miaka 6 wanafanya watoto wengi sana ambao hawajawahi kuona herufi hata moja ya Kiebrania. Nimesahihisha madaftari ya namna hiyo kwa mamia, na wengi wao mpaka wakifika darasa la tatu yameisha. Jina zima kuanzia kulia, hilo huenda kweli limetoka kwenye Kiebrania, nalo linaonyesha kwamba ameelewa Kiebrania kinaelekea wapi. Anachohitaji ni mipaka. Nunua daftari la rangi tofauti, la Kiebrania tu, lifunguliwe kutoka upande tunaouita wa nyuma, na kila mstari uweke nukta ya kijani kulia, "hapa ndipo gari linapoondokea". Daftari la shule lina nukta yake kushoto. Nenda mwenyewe ukamweleze mwalimu, ukamwamkie, ukamwambie nyumbani mnafanya nini. Mwalimu wa darasa la kwanza ana watoto wengi mbele yake. Akijua sababu, hatahangaika.

Kijitabu chako hakina kosa. Waisraeli wana maandishi ya aina mbili: ya chapa, yanayoonekana vitabuni, na ya mkono, wanayoandikiana. Wageni wako walikuandikia ya mkono. Kitunze, ni chako, lakini binti asikione mpaka azijue zote 22 za chapa. Na utakapotafuta vitabu vyake, tafuta vya watoto, vyenye nikudi. Vya watu wazima na magazeti ya Israeli havina, na hata programu nyingi za watu wazima zinaziacha, ndiyo maana mwanafunzi mpya anapotea.

Kuna jambo hukuliuliza, na kwa kuwa ni binti nalisema. Kiswahili hakijali kama asemaye ni mwanamke au mwanamume. Kiebrania kinajali katika karibu kila sentensi. Wewe ukitaka maji unasema "ani rotse mayim". Yeye anatakiwa kusema "ani rotsa mayim". Unapomwita mwanao wa kiume unasema "ata", binti "at". Watoto wanaiga wanachosikia, na akikusikia wewe tu, atakua anaongea kama dereva wa kiume wa utalii. Kwa hiyo usimfundishe kwa kusema sentensi zako. Mwekee zake mdomoni, na ukipata mgeni wa kike mwenye subira mwombe akurekodie sentensi kumi hivi za msichana mdogo: nataka, sitaki, nimechoka, nina njaa, njoo tucheze. Hizo ziingie kwenye ScratchJr yenu.

Kuhusu kutokuwepo kwako, hapa nitakuwa mkweli. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha jaribio lao la watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi 9. Kundi moja lilicheza na watu waliowasemesha Kichina cha Mandarini, vipindi 12. Jingine lilioneshwa watu walewale kwenye video. Waliocheza na watu wakawa wanatofautisha sauti za Kichina. Wa video hawakupata kitu. Bintiyo si mchanga, najua, lakini nilichokiona darasani kinaelekea hukohuko: mtoto hujifunza lugha ya mtu anayemjibu. Sauti yako iliyorekodiwa itamtunzia alichonacho, haitamwongezea. Kwa hiyo usipange vitu vipya ukiwa porini. Wiki za porini ni za kurudia, siku zako za nyumbani ni za kupanda. Na ukipata mtandao jioni pale kambini, piga dakika tano, mwulize jambo moja tu kwa Kiebrania, umsubiri ajibu. Usimsaidie haraka. Zile sekunde tatu ni zako pia.

Umewahi kusikia habari za Eliezer Ben-Yehuda? Alihamia Yerusalemu mwaka 1881, akaamua mtoto wake asikie Kiebrania tu, wakati ambapo hakuna mtoto mwingine duniani aliyekuwa analelewa hivyo. Mtoto alizaliwa 1882. Baba alimkinga na lugha nyingine zote, na hakuwa na wa kucheza naye kwa lugha yake. Alichelewa sana kuanza kusema. Baadaye alikuwa mwandishi wa habari, Itamar Ben-Avi, kwa hiyo hakuharibika, lakini ninapomfikiria yule mtoto peke yake uani moyo unaniuma. Wako wana bahati, wako wawili. Mdogo wa miaka 4 mwache aingie mchezoni kwa visoda na nyimbo, asiandike chochote bado, na kishikwambi kwake kiwe kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa umri wake asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na kwamba pungufu ya hapo ni bora. Dada akimtengenezea mdogo wake mchezo wa herufi, wote wawili watakuwa wamesoma, na dada zaidi.

Umesema unataka wasisubiri kuwa watu wazima. Sawa, lakini usimwambie binti kwamba anasoma ili aje apate wageni. Ana miaka 6. Msimu wa 2040 haumhusu. Anasoma kwa sababu hiyo ni lugha ambayo baba yake anaongea akiwa mbali, na anataka kujua humo ndani kuna nini.

Amebaki bibi. Hoja yake naiheshimu, anaona mtoto amebebeshwa. Lakini mtazame: mjukuu wake anaongea Kimeru na bibi, Kiswahili na mama, na hajawahi kukosea nani ni nani. Chumba kichwani kipo. Ninachokuomba ni Kimeru kisipunguzwe hata siku moja kwa ajili ya Kiebrania, na umwambie bibi hivyo kwa mdomo wako, ukiwa umeketi. Kisha usimshawishi zaidi. Siku ya pili ya visoda, mwombe binti amfundishe bibi yake. Achukue kisoda cha mem, amwekee bibi kiganjani, amweleze kwa Kimeru kwamba hii inaitwa hivi, ukiweka kistari chini inasema "ma", na ukiweka nukta inasema "mi". Bibi atakosea. Binti atamsahihisha, na kumsahihisha atalazimika kuitoa sauti mwenyewe, bila kengele, bila nyani. Kaa mbali kidogo, usikilize. Ukisikia bibi anadai kisoda cha pili, nenda kamwombe mke wako kishikwambi kile cha juu ya kabati.